Pedi Tu, Fundi, Diski Bado

Siku sentensi hii ikipigwa marufuku mkoa wa Mbeya, mimi nachinja jogoo: "Fundi, weka pedi tu, diski bado." Pedi za breki ndizo zinazobana, diski ndiyo sahani ya chuma inayobanwa.

Sentensi hiyo imeingia tena leo. Saa mbili asubuhi, baridi ya Uyole ile ambayo spana ukiishika na yenyewe inakushika, umeme umeshaaga, bajaji zimeziba geti kama kawaida ya ukoo wao. Linaingia gari kubwa jeusi, vioo vyeusi, rimu inchi 22, shokapu za upepo. Anashuka bosi, koti limenyooka, kiatu kimechongoka. "Shikamoo" ikamtoka kijana wetu wa spana kabla hajakadiria umri wa mtu.

"Nikikanyaga breki kwenye themanini, usukani unatetemeka. Mteremko wa Iwambi ndiyo usiseme, mpaka miwani inacheza. Weka pedi tu, diski bado."

Nani kazipima, bosi?

"Nimeziona mwenyewe kupitia rimu. Zinang'aa."

Zinang'aa! Diski kung'aa ndiyo kazi yake, baba. Hata iliyokwisha inang'aa, tena hiyo ndiyo inajipamba zaidi. Diski inapimwa unene kwa maikromita, sehemu nane kuizunguka, milimita 10 hadi 15 ndani ya ukingo. Na usilete venia ya kawaida, ile rula ya taya mbili, maana ule ukingo wa nje pedi haiufikii, unabaki umeinuka, sasa venia ikikaa juu yake unapima kilima wakati bonde limekwisha. Ukimaliza, futa kutu usome maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe: MIN TH, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa, halafu namba. Diski nene kama hizi kutoka mpya mpaka kikomo huwa zimepewa milimita mbili au tatu tu za kula. Huo ndio urithi wote.

Tukapima. Chuma kimeandikwa 30. Maikromita ikasema 29.4.

Bosi akaangalia ile namba kwa heshima, akaniangalia mimi, akasema: "Basi zichongwe."

Sasa hapo ndipo adabu niliyofundishwa na wazee inapoanza kunitoroka. Kuchonga ni kutoa chuma. Chuma hakipo. Unamchonga nini mtu aliyekwisha konda? Diski ikiwa chini ya kikomo haina tena unene wa kubeba joto, inapasuka nyufa, na pistoni za kalipa, kile kibanio cha pedi, zinatoka nje kupita zilivyozoea. "Lakini fundi wa Makambako alisema zimepinda tu." Zimepinda! Kila gari linalotetemeka nyanda hizi diski zimepinda. Chuma hicho hakipindi kirahisi hivyo. Kinachotokea ni hiki: aliyefunga mara ya mwisho hakusugua kutu kwenye habu, pale diski inapokaa, diski ikakaa upande kwa kiasi cha unywele. Magari mengi haya uvumilivu wake ni kama milimita 0.05, basi. Inazunguka ikichezacheza, kila mzunguko sehemu ileile inaigusa pedi hata ukiwa hujakanyaga, inalika pale peke yake, na baada ya kilomita elfu kadhaa una diski nene huku, nyembamba kule. Ndiyo usukani unacheza. Au umesimama na breki za moto umekandamiza pedeli, pedi ikaacha madoa yake juu ya diski. Au yule kijana wa mashine ya upepo alikaza nati kwa kuzungusha duara, prrr, prrr, prrr, huku anatafuna muwa.

"Mbona wiki iliyopita nimeshuka mlima Kitonga vizuri tu?"

Umeshukaje?

"Nimeweka D, nikawa nakanyaga taratibu mpaka chini."

Mpaka chini! Gari la tani 2.6 likiteremka kimo cha mita 500 kwa breki peke yake, joto linaloingia kwenye vyuma vile linatosha kuchemsha lita 38 za maji kutoka nyuzi 20. Watu wa Mbeya tunahangaika na mkaa Julai hii kupata ndoo moja ya kuogea, wewe umechemsha karibu mbili ukazimwaga Kitonga. Na mafuta ya breki yako je? Hayajaguswa tangu gari literemke melini. DOT 4, aina ya mafuta hayo, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishanyonya unyevu wa kutosha kikomo chake ni 155 tu, na inanyonya kila siku, hata gari likiwa limelala. Ndiyo maana yanabadilishwa kila miaka miwili hata kama rangi inakupendeza. Yakichemka kwenye kona za Kitonga, unakanyaga povu. Shusha gia, bosi, injini ishike. Ile alama ya kutoa na kujumlisha kwenye gia haikuwekwa kwa ajili ya hesabu za watoto.

Akanyamaza. Nikajua tumeelewana. Akasema: "Sawa, nunua diski moja, ya kulia. Hiyo ndiyo inapiga kelele."

Mungu wangu wa mbinguni. Zinabadilishwa mbili! Kushoto na kulia, ekseli moja, pamoja na pedi mpya, maana pedi ya zamani imeshajichonga kwa mabonde ya diski ya zamani. Ukiweka moja, gari linavuta upande, na upande wenyewe hauchagui wewe.

Akaenda kununua mwenyewe, kwa sababu mafundi ni wezi. Akarudi na diski nzuri kweli, zimo kwenye nailoni, na kila ukiipeleka kwenye kalipa, kalipa inakataa. Nimemwambia, nikarudia: gari la jina moja, mwaka mmoja, laweza kuwa na diski za vipenyo tofauti kulingana na injini. Muuza spea hapewi picha ya gari kwenye simu, anapewa namba ya chesisi. Yeye kapeleka picha, tena ya harusini, gari lina maua.

Alipokwenda tena, tukaanza kufungua. Kijana anakimbilia jeki. Simama! Shokapu za upepo zinazimwa kwanza kwenye menyu, la sivyo gari linajisawazisha lenyewe likiwa hewani, na miguu yako iko chini. Weka na stendi, jeki siyo ndugu yako. Akafungua kalipa, akaiacha inaning'inia kwenye mpira wa breki. Mpira ule ni njia ya mafuta, sio kamba ya kuanikia! Funga waya, itundike kwenye springi au kwenye mkono wa juu. Diski imegoma kutoka, akashika nyundo ya kilo tano. Kwanza toa ile skrubu ndogo inayoishikilia, nayo ina kichwa laini, ukiiteleza mara moja utaitoa kwa drili. Halafu tazama usoni mwa diski: nyingi zina matundu mawili yenye uzi. Ingiza bolti mbili, mara nyingi za milimita 8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, diski inajisukuma yenyewe bila matusi.

Habu ikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka ikabaki chuma. Diski mpya ikaoshwa kwa dawa ya kusafishia breki, maana imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiingia kwenye pedi umenunua pedi mara mbili. Kabla ya kurudisha pistoni fungua kikombe cha mafuta ya breki, uchungulie. Yakifurika yakagusa rangi ya bosi, rangi inabanduka na wewe unahama wilaya.

Nyuma sikuruhusu mtu aguse. Hendibreki ya umeme. Kuna shemeji wa bosi kwenye simu, yuko Dar, anaelekeza: "Bana pistoni kwa klampu, inarudi." Hairudi, shemeji! Kwenye kalipa hizi kuna mota ndani. Unaunganisha kompyuta, unaiambia gari iingie hali ya matengenezo, mota irudi yenyewe, ndipo pistoni inasukumwa. Ukilazimisha, umenunua kalipa. Na kompyuta inataka betri yenye nguvu, betri inataka chaja, chaja inataka umeme, na umeme nimeshasema ulikoenda.

Ile sensa ya pedi nayo, waya wa kuonya pedi zikiisha, ikishakatika imekatika, weka mpya. Bosi alitaka iunganishwe kwa soteipu.

Nati zikakazwa kwa msalaba, moja na ya mkabala wake, tairi likiwa bado halijabeba uzito, kisha likashushwa likamaliziwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba iliyoko kwenye kitabu cha gari. Kitabu kiko kwenye droo, hakijawahi kufunguliwa, ndani kuna risiti za nyama choma.

Bado kulainisha. Pedi na diski mpya zinataka zizoeshwe: kutoka kilomita 60 kwa saa mpaka 10, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa, mara kumi hivi, kisha uendeshe bila kugusa breki ili zipoe. Hebu niambie, ni barabara gani ya Uyole utafanya hivyo mara kumi bila bajaji kukuingia kwenye buti? Tukamwelekeza atoke upande wa Igurusi. Akaenda kuosha gari.

Wale vijana wa kuosha magari ndio maadui wangu wengine. Gari limetoka mlimani, diski zinanuka, wao wanapiga maji ya baridi moja kwa moja kwenye rimu, tsshhh, wanacheka. Chuma cha moto hakimwagiwi maji ya Mbeya! Subiri ipoe, au anza na paa kama binadamu.

Na nikirudi gerejini, spana ya toki haipo. Jirani kaiazima kufungulia nati zilizoganda. Kufungulia! Ile ni ya kukazia peke yake, ukiitumia kuvunja nati zilizoganda inapoteza kipimo chake, na ukimaliza unairudisha kwenye namba ya chini kabisa ndipo unaiweka kwenye kasha. Kasha lenyewe kaligeuza la kuwekea misumari. Jirani huyuhuyu ana ngazi yangu tangu mvua za masika, ana ndoo, ana lile sufuria kubwa lililokwenda msibani likarudi na mfuniko wa sufuria lingine. Ukimuuliza anasema "ndaga, ndaga," asante ya Kinyakyusa, anakukaribisha chai, unakunywa, unaondoka, umesahau ulichofuata. Jana kaja kuulizia kama nina msumeno.