Jioni ya Krismasi Mjini Moshi Iwe ya Familia Nzima

Kila inapofika Desemba, ndugu na marafiki walioko Moshi na Arusha huniomba picha za taa za Krismasi za Ujerumani, na wengi wao, baada ya kuzitazama, hunijibu kwamba kwetu hatutafika huko. Mimi nimezaliwa na kukulia Moshi, na kwa sasa ninaishi na familia yangu Leipzig, mashariki mwa Ujerumani. Jibu hilo hunisikitisha, kwa sababu naamini linatazama kitu kisicho chenyewe. Taa si jambo la kuonea wivu. Jambo la kutamani ni kwamba, kwa majuma kadhaa kabla ya Krismasi, baba, mama, watoto na babu na bibi wao hutoka pamoja jioni, wakatembea kwa miguu katikati ya mji mahali ambapo magari hayapiti, bila kulipa kiingilio chochote.

Soko la Krismasi la Leipzig lina historia inayorudi nyuma hadi mwaka 1458. Hufunguliwa mwishoni mwa Novemba na kufungwa siku chache kabla ya Krismasi yenyewe, na kitovu chake ni uwanja ulio mbele ya jengo la kale la halmashauri ya mji, ambako husimamishwa mti mrefu uliozungushiwa taa kuanzia chini hadi kileleni. Vibanda vya mbao vimepangwa kufuata mitaa ya katikati ya mji, na kwenye uwanja wa Augustusplatz kuna gurudumu kubwa la kubembea ambalo watoto huliona tangu tramu inapokaribia. Ni lazima pia kueleza hali ya hewa ya huko, kwa maana bila hiyo taa hizo hazieleweki: mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi jioni, na siku nyingi hata huo mchana mfupi hufunikwa na mawingu. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja hutoka gizani. Mji usingewasha taa, watu wangejifungia ndani tangu Novemba hadi Februari.

Ukisimama pembeni ya uwanja huo saa kumi na mbili jioni, utaona jambo ambalo picha hazilionyeshi. Mtoto wa miaka minne au mitano, amevikwa kofia, skafu na glavu hadi yamebaki macho tu, ameshika kwa mikono miwili kikombe cha udongo chenye juisi ya moto iliyotiwa mdalasini na karafuu. Nyuma yake yupo bibi anayetembea kwa kusukuma kigari cha kujishikiza, na familia nzima inakwenda kwa mwendo wa huyo bibi. Kikombe hulipiwa amana, na mtoto ndiye anayetumwa kukirudisha kibandani akapokee sarafu. Kwa watoto wangu hiyo ni kazi ya heshima ambayo hugombaniwa. Hakuna anayewaharakisha, na asiye na fedha ya kununua chochote hupita, akatazama, akasikiliza muziki na kurudi nyumbani akiwa ametoka na watu wake.

Muziki huo ndio ulionifanya nianze kufikiri kwa uzito juu ya nyumbani. Jioni fulani wapiga matarumbeta hupanda kwenye roshani ya jengo la kale la halmashauri na kupiga nyimbo za Krismasi, na Mchagga yeyote aliyekulia katika usharika wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) atazitambua nyingi kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Hilo halina ajabu. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, na bendi za matarumbeta zilizoko leo katika sharika za Machame, Marangu na Moshi mjini zimetokana na mizizi hiyo. Nyota za karatasi zenye ncha nyingi zinazoning'inizwa hapa Leipzig katika milango na madirisha asili yake ni Wamoravian wa mji wa Herrnhut, kanisa lilelile ambalo watu wa Mbeya na Rungwe wamelijua tangu mwaka 1891. Leo wakazi wengi wa Leipzig si waumini wa kanisa lolote, lakini desturi ya kutoka pamoja wameishika. Sisi tulipokea nyimbo, tukapokea na matarumbeta, na makanisa yetu hujaa kuliko yao, lakini huko kutoka pamoja jioni mjini hatukuwa nako.

Sitaki msomaji adhani kwamba Krismasi ya ugenini ni nzuri kuliko ya kwetu. Mchana wa tarehe 24 Desemba maduka hufungwa, vibanda vilikwishafungwa, na kila familia hujifungia kwake. Tarehe 25 unaweza kutembea mtaa mzima usikutane na mtu wa kukuambia karibu. Mwaka wetu wa kwanza, mama alinipigia simu siku hiyo, nikamsimulia habari za taa, naye akaniuliza, "Mwanangu, hizo taa mmeziona. Na leo mmekula kwa nani?" Tulikuwa tumekula peke yetu, watu wa nyumba moja, mlango umefungwa.

Moshi, tarehe kama hiyo, hakuna mlango unaofungwa. Mabasi na magari binafsi huwa yamekwishawaleta watu kutoka Dar es Salaam na kila pembe ya nchi, na tangu Desemba 2019, treni ya abiria iliporudi Moshi baada ya kusimama kwa miaka mingi, wapo pia waliokuja kwa reli. Kihamba, yaani shamba la migomba la familia, kimefyekwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imekwishaiva, na asubuhi ibada, mchana nyama, jioni ni kutembeleana kutoka kwa baba mkubwa hadi kwa shangazi. Mambo haya nchi ya ugenini haiwezi kunipa, na sitayalinganisha na taa zozote.

Lakini hayo ni mambo ya migombani. Ninayemfikiria ni mtoto wa mjini, anayeishi Njoro, Majengo, Pasua au, kwa upande wa Arusha, Unga Limited na Ngarenaro, ambaye wazazi wake hawana kihamba cha kwenda, au nauli haikupatikana, au wanafanya kazi siku za sikukuu. Arusha hasa hupungua watu wakati huo, na anayebaki huona mji umehama.

Mtoto huyo anayo matembezi yake ya Krismasi, nasi sote tumeyapitia. Mchana wa tarehe 25 au 26 huvalishwa nguo ya sikukuu, kwa wasichana gauni jeupe lenye mkanda wa utepe nyuma, viatu vilivyonunuliwa vikubwa kidogo ili vidumu, na miwani ya plastiki yenye vioo vya rangi. Hupewa fedha kidogo, akaifunga kwenye kona ya leso, kisha akaondoka na wenzake chini ya uangalizi wa dada aliyemzidi miaka mitatu. Hununua koni, hununua ubuyu, hupiga picha karibu na Mnara wa Saa, wakarudi jioni wakiwa na vumbi magotini. Ni furaha ya kweli, na sitamani hata kidogo ikomeshwe. Kinachonisumbua ni mahali inapofanyika na nani hayupo. Watoto hawa hutembea kandokando ya barabara ambayo siku hiyo ina bodaboda nyingi na madereva waliokwishakunywa, na wazazi wao hawamo katika matembezi hayo. Baba yuko baa na rafiki zake, mama yuko jikoni tangu alfajiri, bibi amebaki ugani. Sehemu zilizopambwa kwa vimulimuli na zenye michezo ya watoto ni za hoteli na kumbi, na huko kuna kiingilio, au walau soda ya bei ya hotelini, jambo linalomfungia nje mtoto ninayemzungumzia.

Kwa hiyo nashauri jambo dogo linaloweza kufanyika. Manispaa ya Moshi ifunge kwa magari, kwa jioni mbili au tatu kabla ya Krismasi, kipande cha barabara kutoka Mnara wa Saa kuelekea stendi, kuanzia saa kumi na moja hadi saa tatu usiku. Jiji la Arusha linao Mnara wa Saa wake na linaweza kufanya vivyo hivyo. Wauza mahindi, mishikaki, kahawa na juisi wapewe nafasi bila ushuru mzito, na pombe isiuzwe hapo. Kwaya na bendi za matarumbeta za madhehebu yote zialikwe kupokezana. Hatuhitaji kuiga mti wa msonobari. Desemba mikrismasi ya kwetu huwa imejaa maua mekundu, na mti mmoja mkubwa uliofungwa taa unatosha kabisa.

Nimesikia hoja za kupinga. Ya umeme ina jibu: taa za LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme wa balbu za zamani, na nchi sasa ina Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hoja ya usalama ni nzito zaidi, nami siipuuzi. Moshi haijasahau mkanyagano wa Februari 2020 katika uwanja wa Majengo uliochukua uhai wa watu 20. Ujerumani nayo, tarehe 20 Desemba 2024, mtu aliliendesha gari katikati ya umati kwenye soko la Krismasi la Magdeburg, mji usio mbali na Leipzig, watu wakauawa, akiwamo mtoto mmoja. Baada ya hapo hata sisi tulijiuliza kama tuendelee kuwapeleka watoto. Tuliendelea, na tunapoingia uwanjani tunapita kati ya matofali makubwa ya zege yaliyowekwa kuzuia magari. Barabara iliyo wazi pande zake zote, yenye vizuizi vya magari, polisi na mgambo wa kutosha, ni salama kwa mtoto kuliko ukingo wa barabara ninaoueleza.

Fedha ndiyo hoja inayobaki, na hapo wenyeji wanaweza kuchukua hatua wenyewe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla yake, kwa hiyo anayesubiri Novemba ndipo aombe huwa amechelewa. Mwenye kulitaka jambo hili amfuate diwani wake Januari, akiwa bado anakumbuka watoto aliowaona barabarani tarehe 26, na aende na majirani wawili watatu, wakiwamo wenye maduka karibu na Mnara wa Saa, ambao ndio watakaouza zaidi jioni hizo. Sisi tulio nje tunaweza kuchangia gharama za taa, na kwa upande wangu niko tayari. Ruhusa ya kufunga barabara lakini haiwezi kuombwa kutoka Leipzig.