Ruzuku ya miezi 24 na mwanafunzi wa ganuni

Ganuni, ala ya nyuzi ya taarabu, ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu hutoa sauti moja. Kabla mwanafunzi hajapiga hata bashrafu moja, yaani kipande cha muziki wa ala tupu, hukaa na ufunguo mkononi akikaza na kulegeza, uzi baada ya uzi. Zanzibar kazi hiyo imekuwa ikifundishwa tangu 2002 katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA. Mwaka 2019 chuo hicho kilikaribia kufunga milango kwa sababu fedha za wafadhili zilikuwa zimekauka. Kabla ya hapo, Februari 2016, Ngome Kongwe ilikuwa kimya: tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004, halikufanyika kwa ukata. Lilirudi 2017, na chuo nacho kikanusurika. Lakini hofu ile haijaniondoka.

Wapo wanaosema tusitegemee ruzuku kabisa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wana hoja. Kikundi cha taarabu cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, enzi ambazo hakuna aliyejua andiko la mradi, lile la kumwombea mfadhili fedha, ni kitu gani. Na aliyewahi kuandika andiko hilo anajua yanavyokwenda: unataka kununua nyuzi na kumlipa mwalimu, unajikuta unatafuta pa kuchomeka mabadiliko ya tabianchi, maana ndicho mfadhili anachokitaka mwaka huu. Sanaa inapinda taratibu kufuata fomu. Hilo ni dhara la kweli, nami silipuuzi.

Ila tusisahau taarabu yenyewe ilikujaje. Simulizi ya Zanzibar inasema Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze ganuni. Kijana yule aligharimiwa na hazina ya mtawala. Ile ilikuwa ruzuku, na matunda yake tunayasikia hadi leo.

Kwangu mimi, tatizo kubwa ni muda. Mfuko wa Kimataifa wa Anuwai za Kitamaduni wa UNESCO, unaosaidia nchi zinazoendelea, hugharamia miradi ya miezi 12 hadi 24, na wenyewe unaishi kwa michango ya hiari ya nchi. Miezi 24 inatosha kuandaa warsha, kupiga picha na kutuma ripoti. Haitoshi kumtoa mpiga ganuni. Tena wafadhili wengi wanapenda kulipia shughuli inayoonekana. Kodi ya jengo na mshahara wa mwalimu wa Jumatatu hadi Ijumaa hawataki kuvisikia.

Serikali ya Tanzania imeshika njia nyingine: Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unawakopesha wasanii. Kwa mwenye studio, au mtayarishaji wa filamu anayejua atauza wapi, mkopo ni heshima, kwa sababu hapigi magoti kwa mtu. Lakini mwanafunzi wa ganuni atarejesha mkopo kwa kuuza nini? Wengi pale chuoni hata ada iliwashinda. Na mwalimu mzee anayetaka kurithisha alichonacho kabla hajaondoka, naye akakope?

Ndiyo maana siafiki kuchagua moja na kutupa jingine. Biashara ikope. Tamasha nalo lijifunze kusimama kwa tiketi na wadhamini kadiri linavyoweza, bila kumpandishia mwenyeji kiingilio akabaki nje ya Ngome. Mafunzo yapewe ruzuku, na iwe ya miaka mitano au zaidi, mshahara na kodi vikiwa ndani. Fedha hizo zisitoke Ulaya peke yake. Wageni wanaokuja kwa tamasha mwezi wa Februari hulala kwenye hoteli zetu, hula kwenye migahawa yetu na kupanda teksi zetu. Sehemu ndogo ya kodi inayokusanywa mwezi huo ingetengwa kwa walimu wa muziki, mwalimu wa ganuni angejua Januari kwamba Desemba bado atakuwa na darasa.