Nguvu Isiyo na Mwiko Haizai Riwaya

Riwaya nyingi za majini, wachawi na mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida zinazosomwa siku hizi hapa Mtwara hazinunuliwi dukani, bali hufika kwenye simu kwa vipande, kila kipande kikiwa kimekatwa pale kisu kilipoinuliwa au mlango ulipogongwa usiku wa manane, na msomaji akitakiwa kulipia kidogo ili apate sehemu inayofuata. Sina ugomvi na utaratibu huo. Umewapa kipato vijana ambao hakuna mchapishaji ambaye angejibu barua zao, na umewarudisha kwenye kusoma watu ambao tangu wamalize shule hawakuwahi kushika kitabu. Ugomvi wangu ni na wahusika. Katika sehemu ya kwanza kijana anarithi pete ya babu yake, katika sehemu ya tano anazuia risasi kwa kiganja, katika sehemu ya ishirini anapasua mlima, na kuanzia hapo mwandishi hana la kufanya isipokuwa kumletea adui mwenye nguvu zaidi, kisha mwingine anayemzidi huyo, mpaka wasomaji wachoke au yeye aishiwe na salio.

Ninavyoona mimi, riwaya ya namna hii hubebwa na mwiko: sharti ambalo mwenye nguvu hana budi kulishika, gharama anayoilipa kwa kulishika au kwa kulivunja, na watu wengine wanaolipishwa pamoja naye bila kuulizwa. Nguvu yenyewe ni rahisi kuibuni. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kubuni mtu anayeruka angani. Kubuni kitu ambacho mtu huyo hawezi kukifanya, na kumlazimisha akihitaji kitu hichohicho siku mama yake anapougua, ndiyo kazi ya mwandishi.

Hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza hilo, kwa sababu hadithi kubwa kuliko zote ya nguvu zisizo za kawaida katika upande huu wa nchi ilitokea kweli, nayo ni ya Vita vya Maji Maji. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria wa Dar es Salaam katika miaka ya 1960 yanaeleza kwamba Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alizama majini, jamaa zake wakamtafuta wasimwone, na siku iliyofuata akaibuka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Ningemwomba kila mwandishi kijana aitazame sentensi hiyo kwa makini. Hakuna radi ndani yake, hakuna moshi, hakuna sauti kutoka mbinguni. Kuna nguo kavu tu, na nguo hizo zinatosha kumfanya msomaji anyamaze. Dawa ya maji iliyotoka Ngarambe ilisambazwa kwa ahadi kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, na pamoja na ahadi hiyo yalikuja masharti, yakiwemo ya kutolala na mwanamke wakati wa vita na kutopora mali ya watu. Mwezi Julai mwaka 1905 watu wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi huko Kilwa, waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Mwezi uliofuata Kinjekitile akanyongwa Mohoro, lakini vita viliendelea bila yeye hadi mwaka 1907. Wajerumani walikadiria kwamba watu wapatao 75,000 walikufa, na wanahistoria waliokuja baadaye wameitaja idadi ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto.

Risasi hazikugeuka maji, na hilo kila mwanafunzi analijua. Jambo ambalo riwaya inaweza kulifanya kuliko kitabu cha historia ni kukaa na watu siku ya pili yake. Palikuwa na walioamua kwamba dawa ilikuwa ya uongo, na palikuwa na walioshikilia kwamba dawa ilikuwa ya kweli ila waliokufa walivunja mwiko. Mfikirie mama wa Kimwera anayeletewa habari ya kifo cha mwanawe, na mleta habari, kwa nia njema kabisa, anamweleza kwamba kijana huyo lazima aliiba mbuzi au alilala na mtu njiani, maana maji hayasemi uongo. Mama huyo anatakiwa achague kati ya mtoto wake na imani ya kijiji kizima, na atachagua akiwa amesimama, mtwangio mkononi. Sijui kama yupo mchawi wa kwenye simu mwenye kupasua milima anayeweza kumpa msomaji mzigo wa namna hiyo. Ebrahim Hussein, ambaye ni mtu wa pwani yetu hii ya kusini, aliuona mzigo huo mapema, na katika tamthilia yake ya mwaka 1969 alimwonyesha kiongozi anayeyatilia shaka maji yake mwenyewe na bado, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kutamka kwamba yalikuwa uongo. Hiyo ni tamthilia, nami ninasubiri riwaya.

Waandishi wetu wakubwa walilijua jambo hili. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote anaweza kuuawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na anayeitumia sindano hiyo ni mwanawe wa kumzaa. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, jini Huria ana uwezo wa kuwageuza wanadamu kuwa manyani, na anawageuza kweli ndugu wawili wa Adili waliomfanyia ubaya; lakini kitabu hakiendeshwi na uwezo huo. Kinaendeshwa na amri kwamba Adili awachape mijeledi manyani hao kila usiku. Mtu mwema, liwali anayependwa na mji mzima, anajifungia ndani usiku na kuwapiga ndugu zake kisha anawalisha, na siri hiyo inagunduliwa na mgeni aliyekuja kwa shughuli za kodi. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na kila mara ninachokihofia ni mkono wa Adili, wala si jini.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya yote ni ya kurudi nyuma na kwamba riwaya ya Kiswahili inapaswa kuyafichua tu kuwa ni uongo. Njia hiyo ipo na ina heshima yake. Muhammed Said Abdulla aliitumia vizuri sana katika Mzimu wa Watu wa Kale, ambamo maiti inakutwa mahali panapoogopwa kwa mizimu, na mpelelezi Bwana Msa anafikiri mpaka anamfikia mtu wa nyama na damu. Lakini ukiifanya kuwa sheria utaifuta Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ambamo marehemu anarudi kumsumbua mjukuu wake aliyenona kwa cheo, na kitabu hakipotezi hata sentensi moja kutueleza aliwezaje kutoka kaburini. Hakuna aliyemwuliza, na kwa nini aulizwe? Kazi yake ni kumfanya mkubwa yule aone anachokikwepa.

Mwandishi wa kusini ana tatizo ambalo mwandishi wa Marekani anayebuni mashujaa wa angani hana, nalo ni kwamba wasomaji wake wengi hawayachukulii mambo haya kuwa ya kubuni. Chukua habari ya simba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu zaidi ya watu 560 waliouawa na simba nchini tangu mwaka 1990, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Watafiti walieleza sababu bila kupepesa: wanyama wanaowindwa na simba walipungua, nguruwe pori wakabaki wengi na kuingia mashambani, wakulima wakalazimika kulala shambani kwenye vibanda ili kulinda mazao, na simba aliyemfuata nguruwe akamkuta mtu. Vijijini palikuwa na maelezo mengine, nayo ni kwamba simba yule hakuwa simba, bali alikuwa ametengenezwa na kutumwa, na yupo jirani aliyemtuma.

Mwandishi wa haraka atachagua maelezo ya pili kwa sababu yanauza, atampa jirani kizee macho mekundu, na katika sehemu ya mwisho kijiji kitamchoma moto huku wasomaji wakishangilia. Hapo mimi ninakataa katakata. Wazee, hasa akina mama, wameuawa kweli katika nchi hii kwa tuhuma za uchawi, na anayewaandikia watu wanaoamini hana ruhusa ya kujificha nyuma ya kauli kwamba hii ni hadithi tu. Sisemi simba mtu asiandikwe. Aandikwe, tena kwa ukamilifu wake: pawepo nguruwe, pawepo mahindi yaliyoliwa, pawepo mgogoro wa mpaka wa mikorosho kati ya nyumba mbili, pawepo bibi aliyetamka neno baya mbele ya watu siku tatu kabla ya kifo, na pawepo mwenyekiti wa kijiji ambaye anajua yote mawili na anaogopa kura. Msomaji anayeamini atasoma hadi mwisho, na asiyeamini atasoma hadi mwisho, na wote wawili watakuwa wamekaa na yule bibi kwa muda wa kutosha kulijua jina lake. Akiwa na nguvu hizo kweli ndani ya kitabu, basi tuoneshwe pia zinamgharimu nini yeye, maana sijawahi kuona katika hadithi zetu za simu mchawi aliyechoka.

Mfano mwingine ambao ningependa kuuona ukiandikwa ni wa mapiko, ngoma ya vinyago. Kwa mila ya Wamakonde, anayecheza ndani ya kinyago ni kiumbe kisicho cha kawaida, na wanawake pamoja na wasiotiwa jandoni hawapaswi kujua kwamba ndani yumo mtu. Nguvu hiyo ni ya kweli kadiri kila mmoja anavyotunza sehemu yake. Sasa awepo msichana ambaye, katikati ya vumbi na ngoma, anamtambua kaka yake kwa namna anavyotupa mguu wa kushoto. Akinyamaza, amekuwa mshirika wa siri isiyokuwa yake. Akicheka, amevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukitengeneza. Riwaya nzima inaweza kukaa katika pumzi hiyo moja, wala hahitajiki mtu wa kuruka.

Mwaka huu kijana mmoja wa Tandahimba alinitumia mswada wake niusome. Shujaa wake alikuwa mvuvi wa Mikindani anayeweza kuwaita samaki, na kwa sura sita aliwaita tu, akatajirika, akanunua boti, akajenga Shangani. Nilimwandikia kwamba ampe mwiko, naye akanijibu upesi kwamba mvuvi hatakula chumvi. Nilifurahi kuliko yeye, kwa sababu chumvi ni kitu kidogo kinachoingia kila nyumba. Mke atapika vyungu viwili na wifi yake atauliza kwa nini. Arusini mvuvi atakataa pilau ya watu na kuonekana ana majivuno. Mtoto atakayezaliwa ataonja chungu kisicho chake. Na mtu anayeishi kwa bahari, anayerudi nyumbani mdomo umekauka kwa maji yake, atalazimika kujifuta midomo kabla ya kumeza mate. Toleo la pili lilipofika nilikuta mambo hayo yameandikwa, na sura ya wifi imeandikwa vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Lakini mwishoni ametokea mganga kutoka Newala, amemwondolea mvuvi mwiko kwa kombe moja na kumwachia nguvu zote. Nimemrudishia sura hiyo na kumwomba amtoe mganga. Yeye anasema wasomaji wake wa kwenye simu watakasirika wasipoona mvuvi ameshinda, na kwamba wao ndio wanaolipa. Hadi ninapoandika haya hatujakubaliana.