Funika nusu ya juu ya skrini

Pambano la ngumi la Terence Crawford na Canelo Álvarez nimeshalitazama mara tatu. Mara ya kwanza, usiku wenyewe wa Septemba 13, 2025, nililitazama kama kila mtu, yaani kwa kupiga kelele. Mara ya pili nilishika kalamu nikaandika pointi raundi kwa raundi. Mara ya tatu nilichukua gazeti nikalibandika kwenye nusu ya juu ya skrini, nikabaki na viuno, magoti na viatu vyao tu.

Rafiki yangu mmoja, asiyefuatilia ngumi hata kidogo, alinikuta katika hali hiyo akauliza kama niko sawa. Nikamwambia akae, aniambie nani anashinda. Alinyamaza raundi mbili, ya tatu akasema: "Huyu anayezungukazunguka. Mwenzake kama ana matope miguuni." Hakuwa ameona ngumi hata moja.

Tangu siku hiyo kila pambano kubwa nalipima kwa gazeti lile, na nimeanza kuamini kwamba sisi mashabiki tunajadili vitu visivyo na uzito mkubwa. Tunabishana nani ana konde zito, nani mrefu, nani amepanda kilo ngapi. Miguu hatuiulizi.

Kabla ya Crawford kukutana na Canelo gumzo lote lilikuwa kilo. Crawford alitwaa mkanda wake wa kwanza wa dunia mwaka 2014 kule Glasgow, kwa Ricky Burns, akiwa bondia wa kilo 61. Sasa alikuwa anakwenda kilo 76, kwa mtu aliyetawala uzito huo kwa miaka. Nami nilikuwa kwenye kundi la waliosema haiwezekani. Nilimpa Canelo kwa pointi, nikatamba nayo kwa wiki nzima, na jamaa zangu mpaka leo hawajaniacha nipumzike.

Ukitazama miguu, hesabu ni nyepesi. Bondia anayesimama mkono wa kulia mbele, kama Crawford, akikutana na anayesimama mkono wa kushoto mbele, miguu yao ya mbele inagombea kipande kimoja cha sakafu. Anayefanikiwa kuuweka wake upande wa nje wa mguu wa mwenzake, ngumi yake ya nyuma inapata njia iliyonyooka mpaka usoni. Crawford alikipata kipande kile raundi baada ya raundi. Canelo naye ana desturi ya kuipanda miguu kwanza ndipo arushe. Kila alipomaliza kuipanda, Crawford alishasogea nusu hatua. Angeruka hatua nzima asingekuwa karibu vya kutosha kujibu. Nusu hatua ilimtosha kumkosesha Canelo na bado yeye kumfikia. Kila raundi anayeshinda hupewa 10, mwenzake kwa kawaida 9, na majaji watatu walimpa Crawford 116-112 na mbili za 115-113. Kadi yangu ilisoma 116-112, na ile raundi moja ya ziada wanayompa Canelo bado naitafuta.

Kwa ushindi ule Crawford akawa mwanamume wa kwanza kukusanya mikanda yote minne mikubwa (WBA, WBC, IBF na WBO, kila shirika na wake) katika madaraja matatu tofauti ya uzito. Mwezi Desemba akatangaza kustaafu, mapambano 42, hajapoteza hata moja. Kuna wanaolia kwamba ametunyima marudiano. Mimi sikuyataka. Canelo angebadilisha nini? Angekuja na mpango mpya na miguu ileile.

Na si mara ya kwanza kumtokea. Dmitry Bivol alimfanyia hivyohivyo Mei 2022, akitanguliza jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, na kuingia na kutoka, majaji wote watatu wakaandika 115-113. Tulisema Bivol ni mkubwa mno kwake. Miaka mitatu baadaye akaja mtu aliyekuwa mdogo mno kwake, matokeo yakawa yaleyale. Basi tatizo halikuwa mizani.

Mfano mkubwa kabisa ni Oleksandr Usyk wa uzito wa juu. Desemba 21, 2024, alipanda ulingoni mjini Riyadh kurudiana na Tyson Fury, ambaye kwenye mizani alimzidi karibu kilo 25. Kilo 25! Huo ni mfuko wa saruji nusu, umebebwa na mtu mwenye mikono mirefu anayekulalia kila mnapokumbatiana. Kadi zote tatu zikasoma 116-112 kwa Usyk.

Lakini mimi hupenda zaidi lile la kwanza, la Mei 18 mwaka huohuo, kwa sababu lilikuwa karibu kumshinda. Raundi za katikati Fury alikuwa anampiga tumboni na kumpandishia ngumi za kidevuni, huku akifanya mizaha yake. Mtu mwingine angesimama apumzike. Usyk hakusimama. Aliendelea kumlazimisha jitu lile kugeuka, kugeuka, kugeuka, na ilipofika raundi ya tisa miguu ya Fury ilikuwa imeshalipa deni lote. Mkono wa kushoto ukaingia, Fury akawa anayumba kutoka kamba hadi kamba, refa akamhesabia kama aliyeangushwa. Jaji mmoja bado alimpa Fury 114-113. Wawili wakampa Usyk, 115-112 na 114-113, na kwa mara ya kwanza tangu Lennox Lewis mwaka 1999 uzito wa juu ukapata bingwa mmoja tu. Nikisikia mtu akisema ngumi ile ya raundi ya tisa ilikuwa ya bahati, najua ameanza kutazama raundi ya nane.

Daniel Dubois alipata dozi fupi zaidi. Julai 19, 2025, Wembley, aliangushwa mara mbili katika raundi ya tano na kazi ikaisha.

Sasa mtu ataniletea Jake Paul, yule wa YouTube aliyegeukia ngumi. Atasema: mbona alikuwa na miguu mingi usiku ule wa Miami, Desemba 19, 2025, na bado Anthony Joshua alimmaliza raundi ya sita, taya likavunjika sehemu mbili? Kweli. Ila kuna miguu ya kucheza na miguu ya kukimbia. Ya kwanza inakutoa njiani mwa ngumi huku ikikuweka mahali pa kupiga. Ya pili inakutoa tu. Paul alizunguka mbali, akakumbatia, akajidondosha sakafuni, na alipochoka hakuwa na kitu kingine mfukoni.

Aliyenishangaza ni Joshua. Bingwa wa Olimpiki wa 2012, bingwa wa dunia mara mbili, na alihitaji raundi tano kumbana mtu kwenye kona? Alikuwa anamfuata. Mtu anayekimbia kwa duara humfuati kwa nyuma, unamkatia njia, unahamia pale anapokwenda kabla hajafika. Sijafurahia lile pambano hata dakika moja (nilitazama lote, ndiyo), lakini lilinionyesha miguu ya Joshua ilipofikia, na picha haikupendeza.

Ndiyo maana pambano la Fury na Joshua halinipandishi tena mapigo ya moyo. Lilikuwa lifanyike mwaka 2021. Makubaliano yalikuwepo, mpaka msuluhishi alipoamua kwamba Fury anadaiwa pambano la tatu na Deontay Wilder. Fury akampiga Wilder kwa KO raundi ya 11, na Joshua wiki mbili kabla yake alikuwa ameshapoteza mikanda kwa Usyk. Fury wa mwaka ule alikuwa anateleza ulingoni kama bondia wa uzito mdogo. Joshua wa mwaka ule bado alitisha. Leo ukiwakutanisha utapata uwanja uliojaa na wanaume wawili wanaoegemeana kuanzia raundi ya saba. Ningempa Fury kwa pointi. Lakini hata kulijadili sasa naona aibu kidogo, maana Desemba 29, 2025, Joshua alipata ajali ya gari nchini Nigeria iliyochukua maisha ya marafiki zake wawili wa karibu. Mapromota wamwache apumue. Akirudi, atarudi kwa saa yake.

Kwa Usyk mwenyewe, anayekaribia sana kuaga, ninayemtaka ni Agit Kabayel. Hana jina la kujaza mabango, najua. Ila ni mmoja wa wachache katika uzito wa juu wanaopiga tumbo kwa makusudi na kwa mfululizo. Zhang Zhilei aliliona hilo Februari 2025 alipomalizwa raundi ya sita. Njia ya kuisimamisha miguu ya Usyk inapita mbavuni, na Kabayel anaijua njia hiyo kuliko Fury na Dubois. Fabio Wardley, aliyepewa mkanda wa WBO baada ya Usyk kuuachia, simtaki amguse Usyk. Nampenda kwa moyo wake, na alivyomgeuzia Joseph Parker kibao raundi ya 11 ilikuwa raha, japo refa alikimbilia kidogo kusimamisha. Miguu yake lakini ni ya mtu aliyejifunza ngumi ukubwani, na ndivyo ilivyo, alianzia kwenye mapambano ya watu wa ofisini. Moses Itauma? Alizaliwa Desemba 2004. Alimlaza Dillian Whyte raundi ya kwanza, basi kila mtu anataka kumrusha kwa mabingwa. Mngoje.

Kidogo kuhusu goti, kwa kuwa nalo lipo nusu ya chini ya skrini. Machi 1, 2025, Brooklyn, raundi ya tisa, Gervonta Davis alipiga goti moja sakafuni mbele ya Lamont Roach, akaenda kwenye kamba kufutwa uso. Baadaye akaeleza kwamba dawa ya nywele ilimwingia machoni. Kupiga goti hivyo huhesabiwa kuangushwa, na kuangushwa hugharimu pointi, lakini refa hakumhesabia. Kadi zilisoma 115-113 kwa Davis na mbili za 114-114, sare. Hesabu ya darasa la pili: toa pointi moja kwa Davis kwenye zile kadi mbili, Roach anakwenda nyumbani na mkanda. Desemba ya mwaka huohuo Roach akapigana na Isaac Cruz. Sare tena. Sijui mtu huyu amkosee nani ndipo apewe ushindi.

Bivol na Artur Beterbiev wamalize kazi yao. Wameshapigana mara mbili: moja kwa Beterbiev Oktoba 2024, moja kwa Bivol Februari 2025, zote mbili jaji mmoja akiona sare. La tatu linajiuza lenyewe. Kisha David Benavidez, ambaye Bivol aliachia mkanda wa WBC badala ya kukutana naye. Benavidez anarusha ngumi kama mvua ya masika, lakini huja mbele kwa mstari ulionyooka, na kwa Bivol mstari ulionyooka ni zawadi. Bivol kwa pointi, bila presha kubwa. Nikikosea, jamaa zangu watapata la kunisemea mwaka mwingine mzima.

Shakur Stevenson nitamgusa tu, kwa sababu alichomfanyia Teofimo López mwishoni mwa Januari 2026 hakihitaji maelezo. Kadi tatu za 119-109. Wanaosema anachosha wajaribu gazeti.

Pambano ninaloliota, ninapoandika haya mwanzoni mwa 2026, ni la Wajapani wawili: Naoya Inoue na Junto Nakatani. Wote mapambano 32, wote hawajapoteza, na Desemba 27 walipanda kwenye ulingo mmoja mjini Riyadh usiku mmoja, kila mmoja na mpinzani wake. Inoue alishinda kwa urahisi. Nakatani alipata tabu na Sebastián Hernández, jicho likavimba, na wengi wakaanza kusema Inoue atamla mzima.

Mimi sioni hivyo. Inoue ana miguu bora kuliko bondia yeyote anayepigana leo, anaingia na kutoka kabla hujafumba jicho. Lakini amelambishwa sakafu mara mbili, na Luis Nery Mei 2024 pale Tokyo Dome, na Ramón Cárdenas Mei 2025 mjini Las Vegas. Zote mbili zilikuwa ngumi za mkono wa kushoto, na zote zilimkuta amekwishaingia, hajatoka. Sasa fikiria Nakatani: mrefu kuliko yeye, anasimama mkono wa kulia mbele, na mkono wake wa kushoto ni mrefu na hutokea pembe usizozitarajia. Hernández alimsumbua Nakatani kwa kumbana kifuani raundi nzima. Inoue hapigani hivyo. Yeye hutaka nafasi ya kuruka ndani, na nafasi hiyohiyo ndiyo chakula cha Nakatani.

Raundi tano za kwanza namwona Nakatani mbele, na katika mojawapo Inoue atakaa chini, pengine ya pili, kama kwa Cárdenas. Atainuka, kama alivyoinuka mara zote mbili. Kisha itaanza ile kazi ya polepole ya kugombea kipande cha sakafu cha mguu wa mbele, na hapo sioni wa kumshinda. Inoue, 114-113.