Jina la fundi lisikutie wazimu

Mwandishi wa makala moja anatushauri tukinunua upanga wa kale wa Kijapani tutafute kwanza jina la fundi. Hapo sikubaliani naye. Majina ya kughushi yamejaa, tena tangu zamani: mhunzi akivuma, wengine wanachonga jina lake. Anza na chuma chenyewe. Toa kile kijiti cha mwanzi, vua mpini, tazama chuma kilichojificha ndani. Kutu ya kale ni nyeusi-kahawia, imetulia, haichafui kidole. Ukikuta ya rangi ya chungwa, au pamepigwa msasa pakang'aa, ujue pamechezewa. Halafu uinamishe upanga chini ya taa moja, ufuate ule mstari wa ukungu kando ya makali, yaani hamon. Uliochorwa kwa asidi umefifia tu, hauna punje zinazometameta. Na ufa mwembamba kama unywele unaokatiza makali? Mimi siununui hata kwa bei ya bure.

Panga za maofisa wa Kijapani wa Vita Kuu ya Pili nazo eti "za samurai", wale wapiganaji wa jadi! Nyingi ni za kiwandani, na samurai wenyewe walikatazwa kuvaa panga hadharani tangu mwaka 1876, miaka mingi kabla ya vita hiyo. Muuzaji akitaka mamilioni, aonyeshe cheti cha NBTHK, yaani shirika la Tokyo la kuhifadhi na kukagua panga za Kijapani.