Hasi Kumi

Najua mmeshaisikiliza ile sauti ya dakika nne aliyoirusha Shahidi kwenye kundi, kuhusu yaliyonikuta ubaoni kwenye darasa la hesabu. Mimi nimeisikiliza mara tatu, ya tatu nikiwa zamu ya usiku, na nataka kuweka rekodi sawa: sikuzimia. Niliinama kuokota kalamu. Na sikusema hesabu za Wazungu hazina majibu. Nilisema swali hili halina jibu. Moja tu. Hata mahakama ya mwanzo mshtakiwa hupewa nafasi ya kujitetea, kwa hiyo tulieni.

Ya huku Minnesota, Marekani, mnayajua: baridi, uuguzi ninaoutafuta, mtihani wa kupima kiwango ulionitupa kwenye aljebra ya kati, kozi ambayo unalipia ada kamili na hapa chuoni kwetu haikuongezei hata krediti moja kwenye digrii. Msichokijua ni maringo niliyoingia nayo. Hisabati kidato cha nne nilipata C, na mtaani kwetu C ya Hisabati ni kama leseni ya urubani. Wiki ya kwanza nilimwambia Shahidi, Mkenya ninayekaa naye safu ya nyuma, kwamba haya mambo ni ya kidato cha pili na akikwama aje tu, sitamtoza.

Jumatatu profesa akaandika ubaoni:

x² − 6x + 5 = 0

Akauliza nani atakuja kulitatua kwa kanuni. Alikuwa hajafunga mdomo, mkono wangu umeshafika darini.

Wale wa HGK (Historia, Jiografia, Kiswahili) msikimbie, ni fupi. Namba iliyo mbele ya x² ndiyo a, hapa ni 1. Iliyo mbele ya x ndiyo b, na inakuja na alama yake, kwa hiyo ni hasi 6. Iliyokaa peke yake ni c, yaani 5. Unazitia kwenye kanuni:

x = (−b ± √(b² − 4ac)) / (2a)

Mtego wa kwanza ni pale mwanzo, −b. Kwa kuwa b yenyewe ni hasi, hasi ya hasi 6 inakuwa chanya 6. Nikaupita kifua mbele. Mtego wa pili ni mstari wa kugawanya: unapita chini ya vyote viwili, siyo chini ya kipeuo (√) peke yake, na watu wengi huufupisha hapo wakaumia. Mimi nikauchora mrefu kama reli ya kati. Kisha nikageuka kuwatazama wenzangu.

Hapo ndipo ningeshuka, jamani. Ningesema mgongo unaniuma. Watu wangepiga makofi, nami leo ningekuwa na jina langu la ubatizo.

Lakini profesa akaomba nimalizie kwa kikokotoo (siyo kile cha kukokotoa pensheni za wastaafu, acheni uchokozi), tena nikiweke chini ya kamera ya mezani ili darasa lote lione ukutani. Hiki kipande Shahidi amekiruka, basi nakieleza mimi mwenyewe, polepole.

Vikokotoo hivi vya TI (Texas Instruments) vina alama mbili za hasi. Moja ni ya kutoa, iko kulia pamoja na kujumlisha. Nyingine iko safu ya chini kabisa, chini ya 3, imefungwa kwenye mabano, ndiyo ya kuifanya namba iwe hasi. Ukianza na ile ya kutoa, mashine inadhani unatoa kutoka kwenye jibu lililopita. Hilo nalijua. Nikabonyeza ya chini, kwa madaha. Nikabonyeza 6. Nikabonyeza kitufe cha kipeo cha pili (x²).

Ukutani ikatokea −36, kila tarakimu urefu wa mtoto wa chekechea.

Sasa sikilizeni kosa lilivyo. Mashine inaanza na kipeo, ndipo inashughulikia hasi. Inaichukua 6, inaizidisha kwa yenyewe, inapata 36, halafu inaibandika hasi mbele. Ukitaka ile hasi nayo izidishwe, lazima uifungie ndani: (−6)². Hapo itakupa 36 safi. Na hata kama vidole vimekosea, macho yalitakiwa kushtuka, maana hakuna namba halisi unayoweza kuizidisha kwa yenyewe ikazaa hasi. Mimi niliitazama ile −36, yenye ukubwa wa mlango, nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeona barua ya posa.

Nikaendelea. 4 mara 1 mara 5 ni 20. −36 toa 20 ni −56. Nikaomba kipeuo cha −56, kikokotoo kikagoma, kikaandika kwamba jibu si namba halisi. Mwenye akili angerudi nyuma kutafuta alipoteleza. Mimi nikaona nafasi ya hotuba.

"Ndugu zangu," nikasema, "ndani ya kipeuo cha pili kukiwa na hasi, hakuna jibu katika namba halisi. Swali hili halina jibu." Na kinachoniuma hadi leo ni kwamba sheria niliyoisema ni ya kweli kabisa. Nikafunika kalamu. Kile kifuniko kikalia *ka*, darasa zima likakisikia.

Kimya.

Safu ya mbele anakaa bibi mmoja aliyestaafu udereva wa basi la shule, amerudi kusoma kwa kupenda tu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hebu weka moja penye x."

Yeye hakugusa kikokotoo. Alitafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata 5 na ukizijumlisha unapata hasi 6. Ni hasi 1 na hasi 5. Kwa hiyo (x − 1)(x − 5) = 0, na majibu ni 1 na 5. Muda wote huo alikuwa anatafuta peremende kwenye mkoba.

Ningesema asante nikakaa. Badala yake nikafunua kalamu tena, nikaandika 1 − 6 + 5, na hapo taifa likaniita. Nilimsikia mwalimu wangu wa darasa la nne, na fimbo yake naisikia: MAGAZIJUTO! Mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. JU iko kabla ya TO. Basi nikaanza na kujumlisha: 6 na 5 ni 11. Halafu 1 toa 11.

Nikaandika −10. Nikaipigia mistari miwili chini. Nikamgeukia bibi wa watu nikamwambia, "Unaona, mama? Ni hasi kumi. Siyo sifuri." Na kwa kuwa walionekana hawajaelewa, nikaliandika lile neno lote ubaoni, M-A-G-A-Z-I-J-U-T-O, nikawafafanulia kipande kwa kipande. Kijana mmoja wa kofia akalinakili.

Bibi akafungua peremende. "Mwanangu, una dola moja. Umenunua kitu cha dola sita. Unadaiwa ngapi?"

"Tano."

"Nami nikikupa tano?"

Mnajua ile sauti ya friji ikizimika, ndipo unagundua kumbe ilikuwa inanguruma? Ndivyo nilivyosikia kichwani. Nikatazama 1 − 6 + 5. Nikatazama −10 na mistari yake miwili. Nikatazama ukutani, −36 bado iko pale, haijabanduka. Nikasema "sifuri" kwa sauti ya mgonjwa anayeomba maji, kalamu ikaniponyoka, nikainama kuiokota. Nakiri nilikaa kule chini muda kidogo. Hiyo ndiyo Shahidi anaiita kuzimia.

Kujumlisha na kutoa zina cheo kimoja, unakwenda nazo kutoka kushoto kwenda kulia kama zilivyokuja. Kugawanya na kuzidisha vilevile. Neno limezipanga foleni kwa sababu huwezi kutamka silabi mbili kwa mpigo. Na kipeo hakimo kabisa ndani ya MAGAZIJUTO, unakiingiza mwenyewe mara baada ya mabano, ndiyo maana siku moja iliniangusha mara mbili. Wakenya mnaocheka, BODMAS yenu nayo inatanguliza kujumlisha kabla ya kutoa. PEMDAS ya hawa wenyeji inatanguliza kuzidisha kabla ya kugawanya. Sote tungeweza kuanguka, ila aliyekuwa ameshika kalamu ni mimi.

Yaliyofuata ni mafupi: profesa alinishukuru kwa kuthubutu, akafuta ubao, akaacha MAGAZIJUTO pembeni kwa heshima, somo likaendelea. Kijana wa kofia ameniuliza mara mbili linavyotamkwa.

Jumamosi tukakutana kwenye nyama choma nyumbani kwa Shahidi. Sijavua hata koti, akapaza sauti: "Hasi Kumi! Tulikuwa watu 10 humu, 4 wameondoka, 3 wameingia. Tuko wangapi?"

Nikajibu tisa. Nilihesabu vichwa kwanza.