Dalali wa data na ujira wake

Mganga hajigangi, lakini huugua. Muuguzi wa zahanati anaweza kuingia kazini asubuhi na koti lake jeupe, na kufikia saa nane mchana akawa amelazwa kitanda namba tatu, mgonjwa kama wengine. Kwa binadamu hakuna ajabu hapo. Kwa mfumo wa kompyuta unaotunza kumbukumbu za wagonjwa, jambo hilo dogo lilileta kigugumizi, na ndani ya kigugumizi hicho umo ugomvi ambao waandishi wa programu wanao kwa zaidi ya miaka thelathini sasa: je, programu iongee na hifadhidata yenyewe, au ipitie kwa dalali?

Mfumo ninaousema ni OpenMRS. Ulianza mwaka 2004, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief Institute ya Indiana, Marekani, walipofika Eldoret, Kenya, na kukuta mfumo uliokuwepo, uliojengwa kwa Microsoft Access, ukielemewa na wingi wa wagonjwa wa VVU. OpenMRS umeandikwa kwa lugha ya programu ya Java. Data zake zinakaa kwenye majedwali ya hifadhidata ya MySQL. Katikati pamewekwa dalali, jina lake Hibernate.

Nasema dalali kwa makusudi. Anayetafuta nyumba mjini anajua kazi ya dalali: anakuepusha na kutembea juani, anazifahamu nyumba zote, anaongea na mwenye nyumba kwa niaba yako. Halafu anataka kodi ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba mwenyewe hujawahi kumwona. Programu za aina ya Hibernate, ambazo wenyewe tunaziita ORM, zinafanya kazi hiyo hiyo kati ya hifadhidata na lugha ya programu. Zinachukua mstari wa jedwali na kukukabidhi objekti. Ukiibadilisha objekti, zenyewe zinakwenda kurekebisha mstari.

Dalali anahitajika kwa sababu pande mbili hizi hazikulelewa nyumba moja. Majedwali yalitoka kwa Edgar Codd, aliyeandika pendekezo lake mwaka 1970 akiwa IBM: kila taarifa iwe ndani ya jedwali, mstari utambulike kwa ufunguo wake, na uhusiano uonekane kwa namba inayojirudia mahali pawili. Objekti zilitoka Oslo miaka ya 1960, kwenye lugha ya Simula ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, watu waliokuwa wakitafuta namna ya kuiga mambo yanavyotembea duniani. Objekti inabeba data pamoja na kazi zake, na inawashika wenzake mkononi. Objekti ya mgonjwa ina orodha ya mahudhurio yake. Kwenye jedwali, mstari wa mgonjwa haujui lolote kuhusu mahudhurio. Ni kila hudhurio linalobeba namba ya mgonjwa. Uhusiano ni ule ule, ila mmoja anaonyesha kwa mkono wa kulia, mwingine kwa wa kushoto.

Turudi kwa muuguzi wetu. Ndani ya Java ya OpenMRS, Patient ni aina ya Person: amerithi jina, jinsia, tarehe ya kuzaliwa. Ndani ya hifadhidata kuna majedwali mawili, person na patient, yanayotumia namba moja. Patient_id ya mgonjwa ndiyo hiyo hiyo person_id yake. Muuguzi tayari yumo kwenye person kwa sababu anatumia mfumo. Kumfanya mgonjwa, kwa macho ya majedwali, ni kuongeza mstari mmoja kwenye patient wenye namba yake. Basi, kazi imekwisha. Lakini objekti iliyozaliwa Person haiwezi kuamka kesho ikawa Patient. Aina yake iliamuliwa ilipoumbwa, na Hibernate inaheshimu hilo. Walichofanya wajenzi wa OpenMRS ni kumpita dalali kwa mlango wa nyuma: kuna kipande cha msimbo kinaitwa insertPatientStubIfNeeded, kinachoingiza ule mstari kwa SQL tupu, yaani lugha ya kuiamuru hifadhidata moja kwa moja, kabla Hibernate haijaguswa. Maelezo waliyoweka juu yake hayakuficha sababu: ni kukwepa jinsi Hibernate inavyoboronga urithi wa mtu, mgonjwa na mtumiaji.

Mpinzani wa ORM akisoma hapo atapiga meza: mnaona? Ila ni kipande kimoja. Kumsajili mgonjwa, kusahihisha anwani, kuandika ziara, kubadili kituo, hayo yote dalali anayafanya kimya kimya, na anayafanya vizuri. Aliyewahi kuandika kwa mkono amri ya kuingiza mstari wenye safuwima ishirini, akakosea kuhesabu alama za kuuliza zinazoshika nafasi ya thamani, anajua thamani ya kimya hicho.

Kuna jambo jingine la upande wa watetezi ambalo sisi huku tunalifahamu kwa majina ya watu. Mwandishi wa programu asiye na dalali, akiwa mgeni katika kazi, hubandika jina alilopokea moja kwa moja ndani ya sentensi ya SQL. Inakwenda vizuri kwa Wanjiku, inakwenda vizuri kwa Juma. Anapokuja Ng'ang'a, au Ng'eno, ile alama ya king'ong'o inafunga sentensi katikati ya jina na mfumo unaanguka. Karani anaishia kuandika Nganga bila alama, na mwaka unaofuata mgonjwa mmoja ana mafaili mawili. Ufa huo huo ndio mlango wa mwizi: badala ya jina anaandika amri, na hifadhidata inaitii. ORM inatenganisha amri na thamani bila kuombwa. SQL ya mkono nayo inaweza, lakini lazima mtu akumbuke, na mtu anayekumbuka saa tatu asubuhi si yule wa saa sita usiku.

Hasara sasa. Ile kubwa haina uhusiano na urithi, ni safari za kwenda na kurudi kwenye hifadhidata. Chukua ukurasa wa kliniki wenye wagonjwa 200 wa siku, kila mmoja na uzito wake wa mwisho. Msimbo unaonekana hauna kosa lolote: kwa kila mgonjwa, andika jina, andika uzito. Dalali anatuma ombi 1 kuleta orodha, kisha anapoguswa kila uzito anatuma jingine, jumla 201. Kwenye kompyuta yako mezani huhisi kitu, hifadhidata iko humo humo. Weka seva ya data mji mwingine, safari moja ichukue milisekunde 40, na ukurasa umekula zaidi ya sekunde 8 njiani tu. Ni kumtuma mtoto dukani alete sukari, arudi, umtume majani ya chai, arudi, umtume chumvi. Dawa ipo, na ni ya neno moja: Django, zana ya kujengea tovuti yenye ORM yake, ina select_related na prefetch_related, Hibernate ina JOIN FETCH, yote yakimaanisha mpe mtoto orodha nzima. Lakini dawa anainywa anayejua anaumwa, na ORM imejengwa makusudi ili usione safari.

Mwaka 2006 Ted Neward aliandika makala akilifananisha suala zima na vita vya Marekani huko Vietnam: unaingia ukiwa na ushindi mwepesi, halafu kila hatua inadai nyingine, na mlango wa kutokea hauonekani. Mfano ni mzito mno kwa kazi ya kusajili anwani, lakini mwendo aliouelezea ni wa kweli. Mwaka 2011 watu wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, walitoa Dapper, kifaa chao wenyewe, baada ya ORM waliyokuwa nayo, LINQ to SQL, kuwachelewesha kwenye kurasa zenye watu wengi. Wengi huutaja mkasa huo kama ushahidi kwamba ORM imeshindwa. Hawasemi sehemu ya pili: Dapper bado inageuza mistari kuwa objekti. Walichokataa ni kuandikiwa SQL na mtu wasiyemwona.

Hapo ndipo ninapoona mgawanyiko wenyewe ulipo. Dalali ni hodari akiwa na mgonjwa mmoja mbele yake. Mwulize kuhusu wagonjwa laki moja, anachanganyikiwa. Katika OpenMRS kila kipimo ni mstari mmoja wa jedwali obs: concept_id inasema kimepimwa nini, na jibu linakaa value_numeric, value_coded, value_text au value_datetime kulingana na aina yake. Kwenye kamusi ya dhana iliyoanzia Eldoret, uzito ni 5089 na CD4, kile kipimo cha seli za kinga, ni 5497. Ukitaka wastani wa uzito kupitia objekti, kila kilo 62 inakuja na ukoo wake: dhana yake, ziara yake, mtu wake, aliyeiandika. Umeita mtu mmoja, limekuja basi zima la harusi. Kwa SQL ni mstari huu tu:

SELECT AVG(value_numeric) FROM obs WHERE concept_id = 5089 AND voided = 0;

Na hicho kipande cha mwisho, voided = 0, kiliwahi kunivua nguo. Kwa kawaida OpenMRS haifuti kitu. Kilichokosewa kinawekewa alama ya voided, yaani kimebatilishwa, na mafaili mawili ya mtu mmoja yakiunganishwa, lile lililoachwa nalo linawekewa alama hiyo hiyo. Niliandika ripoti kwa SQL tupu kwa ajili ya kituo kimoja, nikajisifu kwa kasi yake, na hesabu ya wagonjwa ikazidi ile ya daftari la muuguzi mkuu. Aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, hawa wengine umewatoa wapi?" Walikuwa mafaili ya marudio, akina Nganga na Ng'ang'a. Ningepita kwenye msimbo wa mfumo wenyewe, sheria hiyo ingekuwa imeshawekwa na watu walionitangulia. Kwa hiyo anayesema SQL tupu ndiyo ukweli wa data, nimemsikia, ila ukweli huo una masharti ambayo hayajaandikwa kwenye jedwali.

Waliolimaliza jambo hili kwa vitendo kuliko maneno ni watu wa DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo, mji ule ule wa Simula, na ambao Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011. Humo Hibernate inasimamia watumiaji, vituo, fomu na orodha, yaani vitu vinavyofunguliwa kimoja kimoja na kubadilishwa. Takwimu zenyewe zinamwagwa kwenye majedwali maalumu ya uchambuzi yanayojengwa upya, mara nyingi usiku, na kuulizwa kwa SQL ya moja kwa moja. Ofisa wa wilaya anayefungua chati ya chanjo asubuhi hana habari kwamba dalali hakuhusishwa.

Vijana wawili wangenifuata leo wanataka kujenga mfumo wa zahanati, ningewaambia waanze na ORM ya Django au ya Laravel, zana nyingine ya aina hiyo, bila kuona haya. Ningewataka wawashe kumbukumbu ya SQL tangu siku ya kwanza, kila ukurasa ukifunguliwa waone idadi ya maombi. Ikivuka kumi, waulizane. Ripoti ziandikwe kwa SQL, zikae kwenye faili moja zinapoonekana, na kila moja ipitishwe mbele ya mtu mwenye daftari la karatasi kabla haijapelekwa wizarani.

Gharama ya mpango huu naijua. Siku watakapobadili jina la safuwima, ORM itawapigia kelele mara moja. Ile ripoti ya SQL haitasema neno mpaka mwisho wa mwezi, itakapoitwa.